Kioo Bapa

Nilianza na dirisha la chumbani kwangu. Vile vioo vya luva, vipande virefu vya kufungua na kufunga, nilivichomoa kimoja kimoja nikavilaza kitandani juu ya blanketi. Nikahamia sebuleni, kisha jikoni. Jirani yangu Mwavita alinikuta juu ya stuli akaniuliza kama nahama. Nikamwambia sihami, natafuta macho ya watu. Akanitazama kama anayemtazama mgonjwa ambaye malaria imempanda kichwani, akaenda zake. Kabla chai haijapoa alirudi na vioo vya nyumba yake yote ndani ya kanga, akavitua mlangoni bila kuuliza tena.

Nilihitaji kioo bapa, na si kingine. Vioo vilivyobinuka nilikuwa navyo tele. Kampuni ya Kina Kirefu ilipokimbia iliacha stoo nzima ya kofia za kioo, mviringo kama mitungi, na karatasi inayosema wafanyakazi wazijaze maji wazivae watakapopanda nchi kavu. Gwasa, mmoja wa wafanyakazi hao, tulimvalisha mojawapo. Gwasa tumeshamzika.

"Mama, kata polepole," mwanangu Butoyi aliniambia. Alikuwa amekaa sakafuni akikata mpira wa ndani wa tairi kuwa mikanda. "Hicho cha tatu unakivunja."

"Wewe kata mpira wako. Kioo kinajua mkono wangu."

"Mkono wenyewe umechoka."

Ulikuwa umechoka kweli. Niliuweka chini, nikaunyoosha vidole, nikaendelea.

Nitalieleza jambo hili mara moja, kisha tuendelee na safari. Jicho la binadamu hukusanya mwanga kwa sehemu kubwa pale mbele kabisa, kwenye ile ngozi angavu iliyobinuka. Mwanga ukitoka hewani ukaingia pale, hupinda na kukutana ndani, ndipo tunaona. Zamisha jicho majini na ule mbinuko unakosa kazi, maana maji na jicho ni karibu ndugu, na mwanga hupita kati yao bila kupinda. Ndiyo sababu ukifumbua macho ziwani unaona ukungu mtupu. Wapiga mbizi wa zamani walivaa miwani yenye hewa ndani, wakaona vizuri. Kampuni ikaona miwani inavunjika, inavuja, inambana mtu uso akienda chini. Ikakata shauri kwamba ni rahisi kubadilisha macho kuliko kubadilisha miwani. Kila aliyeajiriwa kuchota matope ya madini ya betri kwenye chemchemi za moto, chini ya Ziwa Tanganyika, alitolewa lenzi ya kuzaliwa akawekewa punje ya duara kama ya samaki. Majini anaona hadi dagaa anapogeuka. Akitoka hewani, mbinuko wa jicho unaamka tena, punje nayo inazidisha, na mtu haoni kitu mpaka kimguse kope. Ndiyo maana waliishi huko huko chini.

Kila nyumba ilitoa mtu mmoja. Kwangu alikwenda Bukuru, akabaki pacha wake Butoyi. Kwetu Uha mapacha hawafanyiwi hivyo. Ukimnunulia mmoja viatu, unanunua jozi mbili. Ukimnyoa mmoja, wembe hauwekwi chini mpaka umemnyoa na wa pili. Nililisema hilo kwa karani wa Kampuni, akacheka, akasema macho si viatu.

Sasa bei ya matope imeanguka na Kampuni imeondoka kama mgeni aliyekula akasahau kuaga. Paneli za sola zina nyufa. Betri ya kituo inashuka zaidi ya inavyopanda, na ndiyo inayosukuma hewa kwenda chini. Ndiyo pia inayokausha chumba cha kati, ile njia pekee ya kutoka majini. Mtu hawezi kuogelea juu moja kwa moja kutoka kina kile. Damu yake itatoa povu kama soda iliyotikiswa, afe kabla hajafika. Ni lazima aingie chumba cha kati, maji yatolewe, mgandamizo ushuke taratibu kwa saa nyingi. Betri ikipungua sana, chumba hicho ndicho kitakachokufa kwanza. Hewa itafuata siku chache baadaye, na watu wote wa majini watakufa wakitazamana.

Mwanangu alikuwa miongoni mwao, na alikuwa amekataa kutoka.

*

Shimo kavu limesimama ziwani kama bomba la moshi. Mdomo uko juu ya maji, ngazi zinazunguka ndani mpaka chini kabisa, na huko chini kuna dirisha. Ni kioo kinene, bapa, kirefu kuliko mtu. Kukitunza ndiyo ilikuwa kazi yangu. Upande mmoja wanasimama watu wa juu waliokuja kusalimia, upande mwingine wanaelea watu wa majini, na sauti hupita kwenye spika. Pembeni kuna koki kubwa ya hewa, na mlango wa chumba cha kati.

Tulishuka asubuhi, mimi na Butoyi, na gunia la miwani yangu. Nilibeba pia kofia moja ya Kampuni.

Bukuru alikuja dirishani bila kukawia. Amevaa kile kifuniko cha pua na mdomo ambacho wote huvaa, mpira wa hewa ukimfuata mgongoni, na macho yake wazi majini, makubwa, meusi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

"Tumekula. Toyi, mzima?"

"Mzima, Kuru. Umekonda."

"Maji yananenepesha, ndugu yangu. Ukiniona nimekonda, basi nimekwisha." Alicheka kidogo, kisha akaona gunia. "Mmeniletea nini?"

Niliitoa miwani moja, nikaiweka mbele ya kioo. Kipande bapa cha luva, fremu ya mbao, mpira wa tairi kuzunguka pande zote, mkanda wa nyuma.

"Unaivaa ukiwa majini," nikamwambia. "Inabana uso, maji yanabaki ndani, mbele ya macho yako. Ukitoka hewani, macho yako bado yamo majini. Mwanga unaingia kwenye kioo bapa, haukusanywi, unapita. Utaona."

"Na Gwasa aliambiwa ataona."

"Kofia ya Gwasa ilikuwa mviringo."

"Kioo ni kioo, mama."

"Kioo si kioo!" Nilipiga kelele mpaka mwangwi ukapanda ngazi. Nilikuwa na hasira naye, na hasira na Kampuni, na hofu ilikuwa chini ya zote mbili. "Ukijaza maji kwenye kitu cha mviringo, umetengeneza jicho lingine mbele ya jicho lako. Ndiyo maana Gwasa aliona mkono wake na hakuona ngazi. Na jua likipita humo linakusanywa. Shati lake liliwaka kifuani, yeye hakujua moto unatoka wapi, akarudi kinyumenyume mpaka akadondoka kwenye mawe. Hilo ndilo lililomuua. Mviringo!"

Bukuru aliitazama ile kofia kupitia kioo. Nyuma yake wenzake walikuwa wamesogea, wanaelea bega kwa bega, wanasikiliza. Gwasa alikuwa mtu wao. Yeye ndiye aliyekuwa akiwachekesha.

"Nionyeshe," Bukuru akasema.

Nilikuwa nimengojea neno hilo, na ndiyo sababu nilichagua siku zile. Yalikuwa majuma ya jua la utosi, ambapo adhuhuri mtu hukanyaga kivuli chake mwenyewe, na kwa kitambo kifupi jua huchungulia shimo kavu kutoka mdomoni hadi chini. Tulisubiri. Butoyi alijaza kofia maji kutoka kwenye bomba la kusafishia. Mwanga ukateremka ukutani, ukafika sakafuni, ukatulia mbele ya dirisha kama mkeka.

Nilishika miwani yangu bapa, imejaa maji, nyuma nimeifunika nailoni angavu isimwagike. Nikaiweka juani na kiganja changu chini yake. Kiganja kikaangazwa tu, kama kinavyoangazwa na jua lolote. Nikakaa hivyo, nikimtazama mwanangu.

"Sasa ile nyingine," akasema.

"Kuru, acha," Butoyi akasema.

"Gwasa hakuachiwa. Ile nyingine, mama. Na mkono uwe ule ule."

Butoyi aliinyanyua kofia kwa mikono miwili. Niliweka kiganja chini yake. Mwanga uliingia juu ukiwa mpana kama sahani, ukatoka chini mdogo kama punje ya mtama, mweupe, ukatua katikati ya kiganja. Nilihesabu moyoni, sikufika mbali. Harufu ndiyo iliyonifikia kabla ya maumivu. Niliuvuta mkono nikaukumbatia kifuani, na machozi yalinitoka mbele ya watu wote wale nikashindwa kuyaficha.

Bukuru alikuwa ameweka viganja vyake vyote viwili kwenye kioo.

"Basi," alisema. "Basi, mama. Nimeamini kioo chako."

"Kwa hiyo utatoka."

"Hapana."

*

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikamwomba aseme tena, akasema tena.

"Nimeamini kioo. Nchi kavu ndiyo siiamini. Nitavaa dirisha usoni mpaka nife? Nilale nalo? Maji machache namna hiyo mbele ya macho yataoza, mama, unajua. Nitayabadilisha mara ngapi kwa siku, na kila nikiyabadilisha niwe kipofu katikati ya njia? Watoto watanifuata nyuma. Hapa ninaona. Hapa mimi ni mtu."

"Hapa utakufa."

"Nitakufa ninaona."

"Heri kufa macho kuliko kufa moyo," nikamwambia. "Wazee hawakusema bure."

"Wazee hawakuwekewa macho ya samaki."

Nikafanya wanachofanya wazazi wanapokosa jibu, nikaleta habari ya mapenzi. Nikamwambia nimekuwa nikishuka ngazi zile kila siku ya salamu, mvua, homa, hata magoti yalipoanza kuniuma. Nikamwambia hakuna siku nilikosa.

"Hukukosa," akasema. Sauti yake ilikuwa imetulia kuliko ninavyopenda. "Lakini kila ukija unasimama kule nyuma. Wote mnaotoka juu mnasimama nyuma, ila wewe ni mama yangu. Miaka yote hii nakuona mdogo, kule, umejitenga na kioo, kama mtu anayemwangalia nyoka kwenye chupa. Mwanzoni nilikuwa nalia. Baadaye nikasema, labda ndivyo anavyoweza."

"Bukuru. Nilikuwa hapa. Hapa hapa nilipo sasa."

"Sasa pia uko mbali."

Nilitazama sakafuni. Vidole vya miguu yangu vilikuwa hatua moja tu kutoka kwenye dirisha. Nikaelewa, na kuelewa kwenyewe kukaniuma kuliko kiganja. Mimi hewani, nikimtazama yeye majini kupitia kioo bapa, mwanga unapopinda kutoka kwake huniletea sura yake karibu kuliko alipo. Yeye majini akinitazama mimi hewani, mwanga huohuo ukipinda kwa upande wake humpelekea sura yangu ndogo, mbali kuliko nilipo. Nilijua hesabu hiyo kabla yeye hajazaliwa. Ila mimi huishi upande wa kuona karibu, na kila siku ya salamu nilipanda ngazi nikiwa nimeshiba uso wake. Halikunijia hata mara moja wazo la kuuliza yeye anaondoka na nini.

"Ni maji," nikamwambia. "Maji yanakudanganya. Nilikuwa karibu."

"Kila mtu wa juu ana sababu yake."

Taa ya betri juu ya mlango wa chumba cha kati iligeuka kutoka njano kuwa nyekundu. Butoyi aliiona, nami nikaiona. Maana yake chumba kinaweza kukaushwa mara moja tu, na kama tukichelewa, hata hiyo moja haipo.

Hapo ndipo niliposogelea koki.

Nilikuwa nimeifikiria usiku uliotangulia na usiku wa kabla yake, ingawa sikumwambia mtu. Hewa ya watu wa majini hupita kwenye koki ile. Chumba cha kati kina hewa yake. Ukifunga koki, watu wa majini watabaki na pumzi iliyomo kwenye mipira yao, na mahali pekee pa kukimbilia ni chumba cha kati. Ndivyo warina asali wanavyofanya: wanapuliza moshi, nyuki wanatoka. Wako nyuki wanaobaki mzingani, hilo nalo nilijua.

Mchelea mwana kulia hulia yeye. Nilijirudia methali hiyo na mkono wangu wenye malengelenge ukiwa juu ya chuma. Lakini methali ile ilitungwa kwa ajili ya mtoto anayekataa dawa. Huyu alikuwa mtu mzima mwenye akili zake, amepima, amechagua. Nani aliyenipa haki ya kumkaba mtu ili aishi? Na kama angeishi, angekuwa anaishi na nani? Na mama aliyemkaba?

"Mama, unafanya nini?" Bukuru aliuliza.

"Nafunga hewa. Ingieni chumba cha kati, wote."

Majini kulitokea msukosuko. Mmoja alianza kuogelea kuelekea mlangoni, mwenzake akamshika mguu. Bukuru hakusogea.

"Funga," akasema.

Nilizungusha robo. Koki ilitoa mlio kama paka. Mapovu yaliyokuwa yakipanda kutoka kwenye vifuniko vyao yakapungua, nikayaona yanapungua, na mwanangu ananitazama na yale macho makubwa bila kupepesa. Nikazungusha kidogo tena. Nilikuwa nalia kwa sauti. Nilimwomba Mungu amfanye mwanangu mwoga.

Nyuma yangu mlango wa chumba cha kati ulibamizwa.

Nilipogeuka, Butoyi hakuwepo. Wala gunia halikuwepo. Kwenye kidirisha cha chumba cha kati nilimwona, amevaa kifuniko cha akiba puani na mdomoni, amejifunga gunia la miwani kiunoni, na maji tayari yamempita shingo.

"Butoyi! Toka humo!"

Sauti yake ilikuja kwenye spika, imefungwa na kifuniko. "Nimeunga mpira wangu kwenye bomba lao, mama. Ukifunga sasa, unatufunga wote."

"Nitakuchapa! Butoyi!"

"Ulitufundisha wewe. Cha mmoja cha wote. Miaka yote hii yeye ana macho ya maji na mimi nina macho ya watu, na nimenyamaza. Fungua koki, mama."

Nikaifungua. Ningefanya nini? Niliizungusha mpaka mwisho, na mapovu yakapanda tena kwa wingi, na nikaona mlango wa nje unafunguka na mwanangu wa pili anaingia ziwani.

Alikwenda na macho yake ya kawaida, wazi, bila miwani yoyote. Majini hakuwa anaona zaidi ya rangi, kijani na weusi. Alinyoosha mikono mbele kama mtu anayetafuta kiberiti umeme ukikatika. Mpira wake wa hewa ulijikunja nyuma yake.

"Kuru," aliita. "Uko wapi?"

Bukuru hakujibu. Alikuwa amekunja mikono. Nilimjua, alikuwa anajizuia kwa nguvu zake zote. Ndugu yake aliyumba, akapinda kushoto, na kushoto kule ndiko kwenye chemchemi za moto. Nikaziona, zile ndimi za maji yanayotetemeka yakitoka kwenye mawe.

"Butoyi, simama! Chemchemi iko mbele yako, hatua mbili tu! Rudi nyuma, rudi nyuma mara tatu, upinde kulia!"

Akatii. Alirudi mara tatu, akapinda kulia, akaanza kutembea kwa ujasiri. Nikapumua. Halafu nikaona kosa langu. Chemchemi niliyoiona mbele yake haikuwa mbele yake, ilikuwa bado mbali. Mimi nilikuwa nyuma ya kioo bapa, na kioo bapa huvuta kila kitu cha majini kukileta karibu. Nilipima kwa jicho la hewani, mimi, fundi wa kioo, niliyetoka kusomesha wengine dakika chache zilizopita. Nilimrudisha nyuma kutoka mahali salama nikampindisha kuelekea chemchemi nyingine, ile kubwa, iliyojificha nyuma ya mwamba.

"Hapana! Sio huko! Butoyi, simama!"

Sauti yangu ilikuwa imeshakuwa kelele tupu. Alisita, akageuza kichwa kutafuta nilipo, mguu wake ukiwa tayari umenyanyuliwa. Maji ya moto yalimpata kwenye muundi wa mguu. Nilisikia alivyolia ndani ya kifuniko.

Bukuru alipita mbele ya dirisha langu kama mshale. Sikumwona anaanza, nilimwona tayari amefika, amemkamata ndugu yake kwapani, amemvuta pembeni. Walijiviringisha wawili katika wingu la matope. Matope yalipotulia walikuwa wamekaa chini ya ziwa, Bukuru amempakata nduguye kama mama anavyompakata mtoto.

"Mjinga," nilimsikia akisema. "Mjinga we. Huoni kitu."

"Sioni," Butoyi akasema. Meno yalikuwa yanamgongana. "Ndivyo unavyokuwa ukija kwetu?"

"Ndivyo."

"Inatisha."

"Inatisha sana, Toyi."

"Basi nishike mkono hapa, nami nitakushika kule. Mimi ninaye mtu wa kunishika, na wewe unaye. Nini kingine?"

Nilikuwa nimebandika paji la uso kwenye dirisha. Taa nyekundu ilianza kumulika na kuzima.

Bukuru alifungua gunia kiunoni mwa ndugu yake. Akatoa miwani moja, akaigeuzageuza, akapitisha kidole kwenye ukingo wa luva kuona kama nimeulainisha. Nilikuwa nimeulainisha. Akaivaa, akakaza mkanda. Kisha akawageukia wenzake akawapungia mkono waje wachukue miwani.

*

Walijazana chumba cha kati kama dagaa kwenye ungo. Nilizima taa za ngazi, nikazima feni, nikazima kila kilichokunywa umeme isipokuwa pampu ya kukaushia chumba. Nikakaa gizani na mgongo wangu mlangoni, nikiisikiliza. Ilikuwa inakohoa. Mara nyingine ilinyamaza, na mimi nikaacha kupumua, kisha ikaendelea. Juu, Mwavita na wanawake wengine walikuwa wanafuta vumbi kwenye paneli kwa kanga zao, wamefanya hivyo tangu mchana, hakuna aliyewatuma.

Maji yalishuka. Mgandamizo ukashuka nyuma yake, polepole, kwa uchoyo. Jioni ilikuwa imeingia mlango ulipoachia pumzi na kufunguka.

Bukuru alikuwa wa kwanza. Alisimama kizingitini akiwa mzito kama mtu aliyebeba gunia, maana alikuwa amesahau uzito wa mwili nje ya maji. Kipande cha dirisha la chumbani kwangu kilikuwa usoni pake, na nyuma yake maji, na nyuma ya maji yale macho. Butoyi alikuwa begani pake, anachechemea, mguu umefungwa kitambaa.

Aligeuza kichwa taratibu mpaka akanipata.

"Nakuona," alisema. Kisha sauti ikamwanguka. "Mama, mbona bado umesimama mbali hivyo?"

"Sipo mbali. Njoo."

Alianza kuunyoosha mkono wake wote, akajinyoosha na mwili, kama anayetaka kufikia embe la tawi la juu kabisa. Kiganja chake kilinigonga usoni kabla hata kiwiko hakijakunjuka.

Akaganda hapo. Vidole vyake, vyenye mikunjo ya maji, vilishika pua yangu, vikashika shavu, vikapanda mpaka kwenye nywele. Vikashuka kwenye mkono wangu, vikakuta kile kidonda katikati ya kiganja, vikakaa juu yake.

"Ulikuwa hapa," alisema.

"Nilikuwa hapa."

"Hata siku zile?"

"Hata siku zile, mwanangu. Zote."

Maji yalianza kumtoka chini ya mpira wa miwani, sijui yalikuwa ya ziwa au yake. Nilimshika kwa mkono ule ulioungua. Kisha nikautoa mkono wa pili nikamvuta na Butoyi, kwa sababu mapacha hawashikwi mmoja mmoja.